Kanga Aliyetua na Kanga Anayeruka

 

Swali la leo limetufikia kwa sauti mbili, ya mjomba na ya mpwa wake. Mjomba yuko Sange, kwetu huku Congo, kwenye bonde la Ruzizi. Mpwa yuko Iowa, Marekani, alikofika baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Wote wawili wanauliza jambo moja: bunduki gani ya bei nafuu inafaa kwa ndege? Mjomba anawafikiria kanga na kwale wanaochakura kwenye mashamba ya mihogo. Mpwa anawafikiria ndege wa huko, pamoja na mchezo wa kupiga visahani vinavyorushwa hewani, ambao wenzake wa kazini huucheza siku za mapumziko. Tena wana swali jingine, wamelificha mwishoni kabisa mwa ujumbe wao. Nitalifikia.

Mimi naanza mahali ambapo muuzaji wa bunduki haanzii. Huyo ndege unayemtaka, utampiga ametua au anaruka?

Huku bondeni kanga hupigwa akiwa chini, na sababu yake ni kartushi. Mtu mwenye kartushi tatu mfukoni, alizozipata kwa shida na kwa bei aliyoitaja mwenye nazo, hathubutu kumpotezea hata moja ndege aliyekwisha kuruka. Analala kifudifudi kwenye majani, anasubiri kanga wasogeane wakila, vichwa viwili au vitatu vikae mstari mmoja, ndipo anafyatua. Wengine hata hilo hawalifanyi. Kartushi wanaitunza kwa ajili ya funo au nguruwe pori, mnyama atakayerudisha gharama, na kanga wanamtegea kitanzi. Wazungu wawindaji wa ndege husema ni aibu kumpiga ndege aliyetua. Sawa, ila adabu hiyo ni ya mtu ambaye amekwisha kunywa chai ya asubuhi.

Iowa mambo ni kinyume. Ndege wanayemfuata zaidi huko anaitwa fezanti, wa ukoo mmoja na kwale, na ndugu wa mbali wa kanga. Dume lake lina mkia mrefu na mkufu mweupe shingoni. Naye ni mgeni nchini humo. Asili yake ni Asia, na watu wa Iowa husimulia kwamba mwanzoni mwa karne iliyopita dhoruba ilivunja mabanda ya mfugaji mmoja wa Cedar Falls, fezanti wapatao 2000 wakatokomea porini na kuzaana. Wawindaji hutembea kwa safu kwenye majani marefu kando ya mashamba ya mahindi, mbwa wakitangulia, na ndege anachomoka kwa kishindo karibu na miguu yako, anapanda juu, anaondoka. Una sekunde mbili au tatu. Na katika sekunde hizo lazima ujue kwanza kama ni dume, maana sheria ya Iowa hairuhusu kumpiga jike.

Visahani navyo vilianzia hapo hapo kwenye ndege anayeruka. Zamani matajiri wa Ulaya na Marekani walifungia njiwa hai kwenye visanduku, wakawaachia na kuwapiga kwa mashindano. Hata kwenye michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1900 njiwa hai walipigwa. Kabla ya hapo, mwaka 1880, mtu mmoja wa Cincinnati aitwaye George Ligowsky alikuwa amebuni kisahani cha udongo kinachorushwa na mashine. Siku hizi hakina udongo tena, ni unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na aina ya lami, upana wake karibu milimita 110, uzito wake kama gramu 105. Kinapasuka kikiguswa na chembe chache tu za marisau. Duru moja ya mchezo ni visahani 25. Mpwa, shika hiyo namba 25, tutaihitaji tukifika kwenye mfuko wako.

Sasa, kwa nini nimesisitiza kutua na kuruka? Kwa sababu bunduki ya marisau haitoi risasi moja, inatoa kundi. Ndani ya kartushi moja ya kawaida ya kalibri 12 kuna gramu 28 hadi 36 za chembe, na kundi hilo linatanuka kadiri linavyokwenda. Mafundi huubana kidogo mdomo wa mtutu ili kundi lisitawanyike upesi. Mtutu uliobanwa kabisa huingiza takriban asilimia 70 ya chembe zake ndani ya duara la sentimita 76 kwa umbali wa mita 36 na kitu. Mtutu usiobanwa huingiza kama asilimia 40. Anayempiga kanga aliyesimama mbali anataka mbano, kwa kuwa ana muda wa kulenga shingo. Anayempiga ndege anayechomoka mita 20 mbele yake anataka kundi pana. Mbano mkali utamfanya akose kabisa, au akipata, apate nyama iliyojaa chembe tupu. Bunduki nyingi za bei rahisi za mtutu mmoja hutengenezwa zikiwa zimebanwa kabisa. Zinamfaa mjomba. Mpwa akienda nayo uwanjani kupiga visahani, ataudhika mchana kutwa bila kujua kosa si lake.

Na kalibri je? Namba hii huwachanganya wengi, kwa kuwa inakwenda kinyume: 12 ni kubwa kuliko 16, na 16 ni kubwa kuliko 20. Ni hesabu ya zamani ya kugawa ratili moja ya madini ya risasi, ile ya gramu 453 na kitu. Ukitoa matufe 12 yaliyolingana, kila moja linaenea kwenye mtutu wa kalibri 12, upana wake milimita 18 na nusu. Ukitoa 20, ni madogo zaidi, milimita 15 na kitu.

Kwa Congo sina mjadala: kalibri 12, au usinunue. Hiyo inatokana na historia kuliko ubora. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotungwa kwa jina la kupiga vita biashara ya watumwa, ulizuia silaha za kisasa kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika lakini ukaziachia bunduki za gumegume, zile za mtutu laini. Kwa miaka mingi mafundi wa Liège, Ubelgiji, walitengeneza bunduki za kizamani mahsusi kwa soko la Afrika, za gumegume na baadaye za fataki, na kumbukumbu yake ndiyo magobori ambayo wahunzi wa kwetu wanaendelea kuyaiga hadi leo. Mwenye cheo, mwalimu mkuu au mfanyabiashara, ndiye aliyeweza kupata bunduki ya kuvunja katikati, ya Liège au ya Manufrance ya Saint-Étienne, kwa kawaida kalibri 12. Na kartushi zikafuata bunduki. Kule Pointe-Noire, Congo ya pili, ile ya Brazzaville, kuna kiwanda cha MACC ambacho kartushi zake za kalibri 12 zimesambaa Afrika ya kati yote. Ukimiliki kalibri 16 au 20 huku kwetu, umenunua fimbo ya gharama.

Hata hivyo kartushi inayopatikana kwa urahisi ni ya shevrotini, chembe chache nene za kupigia mnyama. Kwa ndege haifai kitu: kundi lina matundu ambayo kanga mzima anapita katikati bila kuguswa, au chembe moja inampata na kumpasua. Ya kanga ni namba 4 au 5 kwa hesabu ya Kifaransa, chembe za milimita 3 au kidogo zaidi. Ya kwale ni namba 6 au 7. Kwa hiyo mjomba, kabla ya kuuliza bei ya bunduki, uliza kama kuna mtu anayeweza kukuuzia namba 5 kihalali, leo na mwaka ujao. Kama hayupo, bunduki uliyoonyeshwa ni ya funo.

Nasema uliyoonyeshwa kwa sababu mjomba ametueleza kwamba jirani anamuuzia bunduki ya zamani ya mitutu miwili inayolala sambamba, na muuzaji anaapa ni ya Liège. Inawezekana. Mji wa Liège una nyumba ya serikali ya kujaribia mitutu tangu mwaka 1672, na alama zake zinasomeka. Ivunje bunduki, toa mitutu, geuza tumbo juu. Utaona duara la yai lenye herufi ELG. Hiyo peke yake inasema mtutu ulijaribiwa kwa baruti nyeusi ya zamani. Tafuta simba mdogo juu ya herufi PV. Huyo ndiye anayesema ulijaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi. Simba asipokuwepo, kartushi ya leo inaweza kuupasua mtutu huo, na unapopasukia ni karibu na vidole vya mkono wako wa kushoto na jicho lako. Mitutu yenye mapambo ya mistari iliyosokotwa kama mkeka ni ya kizamani zaidi. Hiyo itundike ukutani.

Kisha tazama namba ya urefu wa chumba cha kartushi, 65 au 70. Kartushi nyingi za leo ni za milimita 70. Zinaingia vizuri tu kwenye chumba cha 65, na hapo ndipo hatari ilipo: zikifyatuliwa mdomo wake hufunguka ndani ya sehemu nyembamba na nguvu ya baruti hupanda kupita kiasi. Elekeza mitutu kwenye mwanga, chungulia kama kuna mashimo ya kutu au mbonyeo. Funga bunduki, ondoa mbao ya mbele, itikise. Ikigongagonga kwenye bawaba, imechoka. Ining'inize mitutu kwa kidole, uigonge kidogo kwa ukucha. Ikilia kwa sauti safi, ule ubapa unaoiunganisha bado umeshika. Ikitoa sauti ya sufuria iliyopasuka, mrudishie jirani.

Gobori la mhunzi sitalizungumzia sana. Bomba la chuma lisilojulikana limetoka gari gani, baruti iliyopimwa kwa kizibo cha chupa, na misumari iliyokatwakatwa. Nafuu yake yote inaishia hospitali.

Halafu karatasi. Uwindaji wetu unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na silaha na Ordonnance-loi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Ni vibali viwili tofauti, na watu wengi wanadhani kimoja kinatosha. Kuna kibali cha kumiliki bunduki, chenye jina lako na namba ya bunduki hiyo, na kuna kibali cha kuwinda, ambacho kina aina zake, ikiwemo ile ya watu wa kijijini. Bunduki ya jirani yenye karatasi ya marehemu baba yake, kwako haina karatasi. Msimu wa kufunga uwindaji nao upo, na ndege si wote wanaoguswa. Milimani juu yetu kuna hifadhi ya Itombwe, iliyotangazwa mwaka 2006, yenye ndege adimu sana. Mmojawapo ni bundi ambaye wanasayansi walimpata mara ya kwanza mwaka 1951; wa pili walimkamata mwaka 1996, kwa wavu, wakamwachia.

Lakini mjomba, nikuambie ninavyoona mimi, na unaweza kukataa. Hata simba wa Liège akiwepo, hata namba 5 ikipatikana, hata karatasi zote mbili zikitoka, Sange ya sasa si mahali pa kununua bunduki ya kanga. Mtu akitoka alfajiri kwenye majani ya bonde la Ruzizi na kitu kirefu begani, nani atamuuliza kama anafuata kwale? Askari hatauliza, wala vijana wa makundi hawatauliza. Na usiku, habari ikishaenea kwamba kwa fulani kuna kalibri 12, watakaobisha mlango hawatafuata nyama. Kanga wamezoea kitanzi tangu enzi za babu zako, na kufuga kanga kunawezekana. Mayai yake hutotolewa na kuku wa kawaida bila ubishi. Kama karatasi ya marehemu ingekuwa ya baba yako mwenyewe ningekwambia nenda ukairekebishe kwa jina lako. Kwa bunduki ya jirani, mwache jirani nayo.

Tugeukie Iowa, ambako swali ni rahisi zaidi na pochi ndiyo yenye taabu.

Mpwa, dukani utaona bunduki za aina nne. Ya mtutu mmoja, nyepesi na rahisi kuliko zote; inapiga teke begani kuliko zote, na visahani vingine hurushwa viwili viwili, kwa hiyo cha pili unakitazama kikienda. Ya pampu, ambayo unavuta na kusukuma mbao ya mbele kupakia: Remington 870 ilianza kutengenezwa mwaka 1950, Mossberg 500 mwaka 1961, na kila moja imetoka kwa mamilioni, ndiyo maana vipuri na zilizokwisha tumika zimejaa. Ya kujipakia yenyewe, inayopunguza teke lakini inataka kusafishwa. Na ya mitutu miwili iliyopandana mmoja juu ya mwingine, ambayo ndiyo utaiona mikononi mwa wachezaji wengi wa visahani. Nyingi za bei ya chini zinatoka Uturuki, hasa mkoa wa Konya, kwenye miji midogo kama Huğlu ambako ufundi wa bunduki ni kazi ya mji mzima.

Kama ningekuwa na pesa zako ningenunua pampu iliyokwisha tumika, yenye mtutu wa sentimita 71 na vibano vya kubadilisha kwa kuzungusha mdomoni. Kibano kimoja cha wastani kwa fezanti, kimoja cha wazi kwa visahani vya karibu, basi. Kalibri 20 huko inapatikana kila duka, ni nyepesi kubeba siku nzima, na kwa bega la mtu mwembamba ni rafiki. Kwa visahani, kartushi za kalibri 12 za gramu 24 au 28 bado ndizo za bei nafuu zaidi. Chagua moja na usizichanganye nyumbani. Kartushi ya 20 ikidondoshwa kwenye mtutu wa 12 hupita chumba na kukwama mbele, haionekani. Ukiweka ya 12 nyuma yake ukafyatua, mtutu unapasuka. Ndiyo maana kartushi za 20 hutengenezwa za rangi ya njano.

Zaidi ya jina la kiwanda, angalia kama inakukaa. Dukani, ukiisha kuhakikisha pamoja na muuzaji kwamba ni tupu, fumba macho, ipandishe begani kwa kawaida yako, shavu juu ya kitako, kisha fumbua. Ukiona mtutu umelala mbele ya jicho na ile shanga ya mdomoni imekaa katikati, kitako ni chako. Ukiona mgongo wa chuma tu, kitako ni cha chini. Ukiona mtutu wote kama barabara inayopanda, ni cha juu. Bunduki ya dola 300 inayokukaa itapiga vizuri kuliko ya dola 3000 iliyochongwa kwa ajili ya mtu mwenye shingo ndefu. Na jua ni jicho gani linalotawala: nyooshea kidole kitu cha mbali macho yote yakiwa wazi, kisha fumba la kushoto. Kidole kikibaki pale pale, la kulia ndilo bwana. Kikiruka pembeni, jifunze kupigia bega la kushoto tangu siku ya kwanza.

Sasa ile 25. Ukicheza duru nne kwa siku, ni kartushi 100, na ada ya uwanja juu yake. Ukienda mara mbili kwa mwezi, kabla mwaka haujaisha kartushi zitakuwa zimekupita bei ya hiyo bunduki ya pampu. Kwa hiyo anayekushauri uongeze dola 400 upate kitako cha mti wa jozi, mwombe akununulie kartushi za dola 400. Ndizo zinazofundisha. Weka pia miwani na vizibo vya masikio kwenye hesabu.

Huko karatasi ni nyepesi kuliko kwetu lakini zipo: fomu 4473 ya serikali kuu dukani, ambayo ina maswali kuhusu ukaazi wako, na uijaze kwa ukweli hata kama rafiki anakwambia si lazima. Iowa inamtaka kila aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1972 apite mafunzo ya mwindaji kabla ya kupewa leseni, na mwindaji wa fezanti avae rangi ya machungwa inayong'aa. Iheshimu hiyo rangi. Anayetembea kwenye safu upande wako wa kulia haonekani kwenye majani ya kimo cha mtu.

Limebaki lile swali la mwishoni: je, mpwa anaweza kununua ya pili huko, akaiweka katikati ya nguo kwenye kontena linalokuja kupitia Dar es Salaam na Kigoma mpaka bandari ya Kalundu, Uvira? Hapana. Marekani inataka kibali cha kutoa silaha nje, Tanzania inataka kibali cha kuipitisha, Congo inataka kibali cha kuiingiza, na eneo letu limo kwenye vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa dhidi ya makundi yenye silaha tangu azimio 1493 la Julai 2003. Kontena likifunguliwa Kigoma, jina litakaloonekana kwenye orodha ya mizigo ni la mpwa, na jina la mpokeaji ni la mjomba. Zitume nguo peke yake.